Hafifu Mno, Dogo, Mviringo

Vendel aliandika kila kitu kwa mkato.
Hf: hafifu. Hfm: hafifu mno. Mv: mviringo.
Ktk: linang'aa zaidi katikati.
Ndivyo orodha kongwe za mbingu zilivyoandikwa,
na ndivyo alivyoniachia ujumbe jikoni:
"Supu hfm. Mkate dg. Narudi saa nane."
Miaka thelathini na moja niliolewa na ufupisho.

Orodha ya kwanza, aliniambia, ilikuwa orodha ya kero.
Mtu mmoja wa zamani aliwinda nyota zenye mkia,
akachoshwa na madoa ya ukungu yasiyosogea,
akayahesabu ili asiyatazame tena:
hiki siyo, hiki siyo, hiki nacho siyo.
Mia na ushee. Akatia humo hata Kilimia,
ambacho mkulima yeyote angemwambia ni nini.
Leo watu wanakesha, vidole vinaganda,
kwa ajili ya vile alivyovikataa.
Vendel alilipenda hilo. Alilicheka peke yake
zamuni, mbele ya tanuri la chuma la Diósgyőr,
wenzake wakadhani ni joto.

Kioo alikisugua mwenyewe juu ya pipa,
majira mawili ya baridi, akizunguka kama punda wa kinu.
Bomba ni la moshi, la jiko la mama yangu.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame, tunaambiwa;
huyu wangu alitaka cha juu
na akainama kuliko wote, mgongo ndoana,
uani Répáshuta, nyumba ya mwisho,
baada yetu ni msitu na nguruwe mwitu.

Mia na kumi alizimaliza mapema.
Akaingia ile orodha kubwa, ya maelfu.
Tiki, tarehe, neno moja au mawili.
Galaksi nzima: "hf, ndefu kidogo."
Siku ya mazishi ya baba yake: "mawingu."

Sasa amekuja Csongor, kijana wa klabu ya Eger,
ana adabu, amevua viatu mlangoni,
ananakili daftari ukurasa kwa ukurasa.
Jumanne akasimamisha kalamu.
"Bi Etelka, hii haipo.
Aliyeiorodhesha mwanzo alikosea,
orodha za sasa zimeifuta. Hapo pana giza tu.
Na mzee ametia tiki."

Nikavaa miwani. Tarehe kumi na moja Februari, themanini na saba.
Hfm, mv, ktk. Halafu neno zima, bila mkato:
*inafifia*.

Kijana akatikisa kichwa. Galaksi haififii
mtu akiitazama.

Usiku ule nilimpelekea chai yenye ramu.
Alikuwa ametafuta saa nzima.
"Tazama wewe," akasema, "macho yako hayajachoka."
Nikainama. Hakuna aliyekuwa amenifundisha
kwamba mtu hapumui juu ya lenzi.
Sioni kitu, nikasema.
Akanisogeza kwa kiwiko, polepole, akatazama,
akanyamaza muda mrefu.
"Ipo," akasema.

Sijui kama alijua.
Mtu aliyesugua kioo majira mawili
anaujua mvuke.

"Niisahihishe?" akauliza Csongor.
Nakili zote, nikamwambia, hiyo iruke.
"Lakini hesabu haitatimia."
Isitimie. Kula keki.

Jana niliitoa darubini nje, magurudumu yakilia.
Nikatafuta mahali penyewe kwa ramani yake yenye doa la chai.
Nikatazama kando, jinsi alivyonizoesha,
maana kilicho hafifu hulikimbia jicho linalokikazia.
Giza.
Nguruwe mwitu walifukua nyuma ya ua.
Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma.

Kisha nikaiachia.