Gusa Chuma Kwanza

Julai hapa Katuba hewa imekauka mpaka midomo inapasuka
ukicheka. Umeme wa kampuni umekwenda tangu Jumatatu.
Lakini usiku, Numbi akivua sweta yake ya mivumba,
gizani tunasikia: tra, tra, tra,
na vicheche vya buluu vinakimbia toka kiwiko mpaka shingo,
nywele zimesimama kama zimeitwa jina.
"Baba, umeme umerudi!"
Haujarudi, mwanangu. Huo umeutengeneza wewe.

Nikamweleza kama alivyonieleza Kabwit, fundi wa nyaya:
kila kitu kina chembe ndogo zisizoshiba safari.
Sweta ikisugua shati, chembe zinahama,
kama sokoni jioni watu wakibanana
na pochi inabadilisha mfuko bila neno.
Huyu amezidishiwa, yule amepungukiwa,
na wote wawili wanatafutana.
Novemba, hewa ikilowa, chembe zinateleza na unyevu
zinarudi kwao kimyakimya.
Julai hazina njia.
Zinakaa. Zinangoja kidole.

Kitabu chake cha shule kinauita umeme tuli.
Aliyeupa jina hilo
hakushika mlango wa gari la Papa Monga saa kumi na mbili asubuhi.

Asubuhi Numbi anasugua kitana kichwani,
anakishusha juu ya vipande vya karatasi, vinaruka, vinanata.
Nikatazama vizuri: ni bili ya umeme, ameichanachana.
Sikumgombeza. Angalau mwezi huu
umeme wenyewe umekuja kuichukua.

Mimi nauza petroli kwa bidoni, njia ya Kasumbalesa.
Malori yanapita na shaba yetu
iende ikabebe mwanga wa watu wengine, sawa,
hilo tumeshalisema sana.
Ninachotaka kusema ni Chola.
Chola wa kona ya pili, koti la nailoni,
bidoni la plastiki juu ya kiti cha plastiki,
mteja ana haraka, Chola ana haraka.
Hakuna aliyewasha kiberiti.
Nilikuwepo. Nimeulizwa na polisi, na mama yake, na mchungaji.
Hakuna.

Tangu siku ile nimechimbia fimbo ya shaba kando ya meza,
urefu wa mkono mzima ndani ya udongo.
Bidoni naliweka chini, nashika fimbo, ndipo namimina.
Wateja wanacheka: Papa Numbi, unasali?
Ninawajibu ndiyo.
Ardhi ni kubwa, inameza kila tulichozidishiwa
na haiulizi kilitoka wapi.

Jana tulisuguana, mimi na Musau, kutwa nzima,
karo ya shule, unga, ndugu yake, ndugu yangu,
maneno makavu yakipita juu ya maneno makavu.
Nikatoka. Nikazunguka mpaka giza.
Niliporudi nikasimama getini, nikaweka kiganja kizima kwenye chuma.
Kiliniuma kidogo.
Nikangoja bado, mkono palepale,
kama mjinga, jirani akinitazama.

Ndani, Musau alinipa kikombe cha chai bila kusema.
Vidole vyetu vilikutana kwenye mpini.
Kikombe kilikuwa cha moto, basi.

Numbi chini ya blanketi alikuwa akihesabu vicheche.
Alifika kumi na tisa, akarudia kumi na tisa,
akalala.