Nusu ya Jina

Kamusi inasema mfarishi.
Sisi wa Kirumba twasema blanketi la viraka,
na Mashaka, aliyeshona nyavu miaka ishirini na mitatu
kabla mgongo haujamkatalia mtumbwi,
husema tu "ile kazi".
Jumamosi ile kazi ipo?
Ipo.

Tunakutana katika ghala la nyuma, karibu na Mwaloni.
Harufu ya dagaa imeshika kuta
hata Sista Leokadia wa wodi ya watoto
akaturudishia mzigo wa kwanza, wote:
mtoto anayetapika dawa, akasema,
hawezi kulala na dagaa.
Tukafua kwa maji ya moto. Tukaanika mabondeni,
juu ya yale mawe yanayokaa Mwanza bila kulipa kodi,
na korongo mmoja akapitapita kando ya viraka vyetu
mikono nyuma, kama mkaguzi.

Mzigo ukarudi tena. Vifungo.
Mtoto humeza kifungo.
Tukang'oa mia moja arobaini na moja,
Kwandu akivihesabu kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Mashaka hajui mshono mwingine ila fundo la wavu.
Akivuta uzi, meno yake yanauma kwa niaba yake.
"Humu," anasema, "hata sangara wa kilo arobaini hatoki."
Na Nyanjige, bila kuinua macho kwenye cherehani:
"Sasa mtoto atatokaje?"
Tulicheka. Kisha hatukucheka.

Siku vitambaa vilipotuishia
nilifungua sanduku langu mwenyewe.
Khanga, doti nzima, ya mtu nisiyemtaja hapa.
Kipande kimoja nikakibakiza.
Kingine nikakipitishia mkasi, na jina lake likakatika katikati:
MGENI WA MOYO
likaenda kwenye blanketi la Masalu, mtoto wa Ukara,
HABISHI HODI
likaenda kwa Limi, miaka tisa,
mguu umeungua kwa uji wa moto.

Limi ndiye anayejua kusoma pale wodini.
Husomea wenzake mablanketi,
maana yote yamejaa maneno nusunusu:
ASIYE NA
MAPENZI NI KAMA
KWA JIRANI SI
Akifika kwake huishia hapo hapo, ananitazama.
"Nani habishi hodi?"

Masalu alikuwa kitanda cha nne.
Aliondoka Jumanne alfajiri na blanketi lake.
Mama yake aliliomba, Sista akasema chukua,
na kivuko kikawabeba wote watatu,
mama, na mtoto, na nusu ya sentensi yangu,
mtoto amefunikwa mpaka juu.

Kwa hiyo Jumamosi hii nimepanda kilima
nikiwa nimejifunga kile kipande kizima,
lakini nimekigeuza, upande wa ndani nje,
herufi zisomeke kinyume kama kwenye kioo.
Mwanamke wa makamo, mwoga wa mtoto wa miaka tisa.

"Nani habishi hodi?"
Nimesahau, nikamwambia.
Akanitazama sana. Watoto wa hospitali wanajua
mtu mzima anapodanganya; wanaona kazi hiyo kila siku.
Kisha akanionea huruma, naamini ni huruma,
akasema, "Basi niweke wangu mwenyewe."
Akafikiri. Akakuna bandeji.
"Daktari," akasema. "Daktari habishi hodi.
Anaingia tu, na sindano."

Nikatoa uzi mwekundu.
Nikashona pale pale, nimekaa ukingoni mwa kitanda,
D, A, K,
yeye ameshika kitambaa kisijikunje,
mguu wake mzima ukipiga chuma cha kitanda taratibu.
Herufi ya mwisho ilitoka imelala ubavu.
Nilitaka kuifumua.
"Iache," akasema, "na yeye huwa amechoka."