Ndoo

Mutheu wa nyumba namba tisa amepanda na daftari,
sweta mbili mwilini, Julai ya Ngara imemkaba koo.
Likizo imekubaliwa, siku sita. Hajawahi kukiona kisiwa.
"Bi Zaitun, wewe ni wa huko. Niambie nianze na lipi."
Kifuniko cha kalamu ameshakichomoa kwa meno.

Nikapunguza moto chini ya chai.
Andika, nikamwambia.

Andika: ukishuka gatini vijana watakuzonga, kila mmoja na begi lako.
Mpe mmoja, yule aliye kimya zaidi,
umfuate bila kuuliza ni wapi.
Punda akija, mpishe. Punda hana breki wala hana haya,
na uchochoro ulikuwa wake kabla ya kuwa wa serikali.

Ngome utaiona, haikimbii. Makumbusho vilevile.
Lipia tikiti, msikilize mtembezi, msamehe makosa yake.
Lakini saa saba mchana, mji ukifunga madirisha,
wewe toka. Weka kiganja ukutani, mtaa wa Mkomani,
upande wa kivuli: jiwe la matumbawe lina baridi ya ndani,
si hii yetu inayopenya chini ya mlango kama mdai.
Mkate wa mofa ule ungali unaunguza vidole.
Ukipoa ni soli ya kiatu, sikudanganyi.
Salamu usizifupishe. Hapa tunasema "sasa" tukiwa tumeshapita;
kule utaulizwa habari za watu usiowajua,
nawe ujibu wazima, wote wazima.

Na ukipita mbele ya daka, ajuza akikuita, "Ndoo!"
(Mutheu akageuka kuzitazama ndoo zangu mlangoni,
tatu, tupu, siku ya nne hatuna maji)
hapana, si ndoo hizi. Hakuombi chombo.
Ni "njoo". Kwetu njia ni ndia, macho ni mato,
na anayeitwa hujibu "naya" akiwa tayari amesimama.

Akacheka. Akaandika, akapigia mstari.

Kisha akanionyesha kwenye simu mahali atakapolala.
Bei ya usiku mmoja, kifungua kinywa ndani yake.
Kitanda cheupe, chandarua kimepigwa fundo,
na nyuma yake ukuta wa zidaka.
Nikavaa miwani.
Kidaka cha tatu toka kushoto, safu ya chini, kina ufa
kama herufi lamu iliyoandikwa na mtoto.
Humo Famau, kaka yangu, alificha visoda,
na mimi nikaficha jino langu la kwanza kung'oka.
Sasa mna chupa ya sabuni na ua la plastiki.

"Pazuri?"
Pazuri.
"Unapajua?"
Mji ni mdogo, nikasema, hakuna nyumba isiyojulikana.
Sikumweleza kwa nini miaka kumi na tisa
naagiza halua kwa basi la usiku
na basi lenyewe silipandi.
Famau alitia sahihi peke yake. Yameisha hayo.

Andika la mwisho. Usiku, kabla hujazima taa,
pitisha kidole ndani ya zile zidaka. Zote, hadi nyuma.
"Natafuta nini?"
Vumbi tu. Uone kama wanafagia.

Na sweta moja niachie, huko itakulemea bure.

Aliondoka Alhamisi. Ijumaa, saa nane za usiku,
bomba likakohoa, jengo zima likaamka,
miguu ngazini, plastiki ikigonga plastiki,
na mtu kule uani akapaza sauti:
"Ndoo! Ndoo, jamani!"
Nami kitandani, ndani ya sweta ya mwenyewe,
miguu ikaigusa sakafu kabla akili haijafika,
na mdomo ulikuwa umeshajibu:

naya.