Wa Ishirini na Tisa

Katuba, saa mbili usiku, umeme umekatika tena;
mama na mimi, na mshumaa katikati yetu kama kiini.

Mbele yake mota ya kinu cha Kyungu, imeungua utumbo.
Ananusa nyaya zilizoiva, anasema, "Huyu alilazimishwa,"
kisha anazing'oa zote, mzunguko kwa mzunguko,
akizihesabu kwa Kiluba ili nisimkatize.
Mimi nina mtihani wa Dola wiki ijayo,
nami nazungusha vyangu: wawili, wanane, kumi na wanane,
nachora maganda kwa makaa juu ya mfuko wa simenti
kwa maana daftari limeisha na duka limefungwa.

"Ni nani hao unaowahesabu?" Elektroni, namwambia.
Ganda la nje likijaa, atomi hushiba, haitaki kuongea na mtu:
neoni, argoni, matajiri wa kuta zenye vigae vya chupa,
utagonga mpaka vidole vivimbe.
Sodiamu ana mmoja wa ziada, humtupia wa kwanza apitaye;
mtie majini, atawaka kwa haraka ya kutoa.
Klorini amepungukiwa mmoja, hatulii mpaka apate;
wakikutana hao wawili, mama, ndiyo chumvi ya sombe yetu.
Anacheka. Halafu: "Na kobalti, iliyomla mjomba wako Mwewa
shimoni, mvua za Februari?"
Kobalti ana wawili nje, na nyuma yao ganda lenye nafasi wazi,
ndiyo maana kioo kikimeza chumvi zake hugeuka buluu, ndiyo maana betri, ndiyo maana bei;
lakini ganda la udongo lililomwangukia mjomba
halimo katika jedwali. Nanyamaza.
Mama anavuta waya mpya, mwekundu kama ulimi wa paka.
"Na huyu?" Shaba? Maganda matatu yamejaa, yamefunga milango,
na nje amebaki mmoja, kiini hakimshiki sana, jirani hamdai;
huyo ndiye atembeaye waya mzima, kila kwake ni kwake.

Umeme ulirudi alfajiri; mama alikuwa ameshatoka, mota kichwani, peke yake barabarani.