Mgao wa Maji

Kutoka dirishani kwangu Mabatini, juu ya jabali,
naliona ziwa lote, jeupe asubuhi kama sufuria iliyosuguliwa.
Bomba letu halijatoa tone tangu Jumanne.
Wageni hushangaa. Sisi tumeshazoea
maji machoni, ndoo tupu mlangoni.

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa, Luhende,
mwaka mzima na miezi mitatu,
na sikukwambia.

Nilikutaka. Hilo ulijue kwanza.
Moyo ulitaka, ngozi ya shingo ilitaka,
ila huko chini pakawa kama gunia linaloburuzwa juu ya kidonda,
nami nikauma mto, nikahesabu.
Siku moja nilifika tisini na mbili.
Baadaye nikajifunza ujanja:
suruali za shule za watoto wa watu, vifungo, pindo,
cherehani inalia mpaka saa sita usiku,
ukigeuka unakuta upande wangu wa godoro baridi.

Mficha uchi hazai, walituambia.
Nimezaa wanne. Nauficha sasa
kwa kuwa shangazi alinifunda mwanzo wa ndoa
na hapa katikati akaparuka.

Zahanati, nesi wa Kikerewe, mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
akaandika bila kuinua macho: ukavu ukeni.
Maneno mawili. Kama anayeandika mafua.
Akauliza hedhi ilikoma lini.
Akasema mwili umepunguza, haujafunga.
"Na mwenzio anajua?"
Nikatazama viatu vyangu.

Famasi ya Kirumba, kijana akauliza kwa sauti ya mnadani,
"Mama, ni ile jeli ya kulainisha?"
Mwanamume aliyeshika dawa ya minyoo akageuka.
Ndiyo, nikasema, hiyohiyo, na nipe tyubu kubwa.

Jana nikaiweka mezani, kati ya chumvi na sato.
Hukuigusa. Ukasoma karatasi yake yote,
hata pale palipoandikwa jina la kiwanda.
Kisha ukasema, macho kwenye miiba ya samaki,
"Nilidhani umenichoka.
Ndiyo maana nalala na soksi,
nisije nikakugusa kwa miguu."

Soksi, Luhende! Na joto hili!
Nikacheka mpaka nikalia,
au nililia kwanza, sikumbuki.

Hatukufanya lolote. Ulinikanda mgongo
taratibu, kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.
Ukafika kiunoni, ukauliza: hapa panauma? Na hapa?
Miaka ishirini na sita ya ndoa,
hilo swali ndiyo kwanza nalisikia.

Saa tisa usiku bomba likakohoa.
Tukakurupuka: ndoo, madumu, beseni, hata birika,
wewe miguu mitupu, unateleza sakafuni,
unanong'ona "lete lingine, lete lingine,"
kama mwizi aliyekuta duka wazi.

Tyubu iko palepale mezani, haijafunguliwa.
Mtoto wa mwisho amerudi bweni leo asubuhi.
Cherehani nimeifunika,
na jua bado halijazama.