Zima

Saa kumi na mbili kasorobo. Chavakali bado imejitanda ukungu,
naegemeza baiskeli kwenye mabati
na bosi wangu keshafika zamani.
Kakalia kreti la soda, tochi katikati ya magoti,
anainua yai, analiweka juu ya mwanga,
analizungusha taratibu, mdomo wazi kidogo,
kisha anahukumu.
"Zima." Kwenye trei.
"Zima." Kwenye trei.
"Hili linaficha kitu." Kwenye ndoo.

Kibaoni pameandikwa KAGEHA MAYAI.
Mchoraji alikuwa keshaanza "Kageha na Ma..."
akamwambia futa, mama hauzi mayai.
Mama yuko nyumbani Mudete, analetewa sukari.

Wateja wageni huniuliza mimi.
Juzi alikuja mnunuzi wa hoteli ya Kisumu, viatu vyenye ncha:
"Kijana, trei pesa ngapi?"
Nikamwelekeza kwa midomo.
Akamwinamia Kageha, akapaza sauti, akayakata maneno vipande vipande
kama anayemlisha mtoto.
Kageha akamwacha amalize.
"Nina hali ya Down," akamwambia, "sina uziwi. Mia nne na hamsini."
Akasema mia nne.
Bosi akarudisha trei rafuni, akaichukua tochi yake.
Tulisikia mvua ikianza, tukaisikia ikiacha.
Alilipa mia nne na hamsini, kwa trei arobaini.

Sitadanganya: kugawanya kulimshinda shuleni,
na saa ya mishale humchanganya mpaka leo.
Saa saba hulala, na duka hufungwa
hata gavana akisimama mlangoni.
Lakini ana mikebe miwili.
Trei ikiuzwa, punje ya mahindi kwenye mkebe wa kwanza.
Deni likiingia, harage kwenye wa pili.
Jioni huyamwaga mezani, akayapanga kumi kumi,
na sijaona bado siku mahindi yakikosea.

Mamake alinisimulia, akichambua mrenda:
siku aliyozaliwa, muuguzi alimpeleka dirishani,
akakikunjua kiganja kidogo, akakitazama kwenye mwanga.
Mstari mmoja, mnyoofu, toka ukingo hadi ukingo.
"Mama," akasema, "utazaa mwingine."
Basi.
Ni kiganja hicho hicho. Yai hulala juu ya mstari ule
wala halitikisiki.

Mwezi wa tano nilimwomba mshahara kabla ya siku,
karo ya mwanangu Vugutsa ilikuwa imenifika shingoni.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani hakunielewa.
Kumbe alikuwa akihesabu maharage.
Kumi na mawili. Niliyasikia yakianguka mkebeni, moja moja.
Yametoka yote, mwezi baada ya mwezi.
Limebaki moja tu,
ambalo halikuwa la karo.

Lilikuwa la yai.
Nilirudi kutoka Majengo, trei ina shimo,
nikamwambia limevunjika mteremkoni.
Akaitazama trei, akaitazama baiskeli, akaitazama mikono yangu mikavu.
"Asava, maganda yako wapi?"

Nimempa shilingi kumi na tano, akazirudisha.
Nimempa ishirini.
"Sitaki pesa. Nataka useme."
Na kila asubuhi hulitikisa harage lile mara moja
kabla ya kuwasha tochi.

Kesho nitamwambia. Nafanyia mazoezi hapa, kwenye karatasi ya unga:
halikuvunjika, bosi.
Nilikaangiwa na Jerida pale stendi,
kwa kitunguu na chumvi,
na lilikuwa zima.