Shimo Nambari Saba

Miaka ishirini na sita napima mashimo ya watu:
kina, mteremko, hatua ngapi hadi kwenye falaji.
Yanqul walinizoea. Vumbi la gari langu likionekana bondeni
kijiko kinazimwa, chai ya maziwa inabandikwa,
na Dilmurad, msimamizi, ananipa kiti kisicho na ufa.

Faini tatu nilimwandikia bila kupepesa.
Ya nne alikuwa amefiwa.
Nikaandika. Sheria haikai matanga.

Kromu ikaisha, kampuni ikahama,
ikaacha dhamana benki na donda mlimani.
Tukafukia: kifusi chini, juu yake udongo mwekundu
uliohifadhiwa kando kama posho ya mtoto yatima.
Mikunazi mia nne tukapanda.
Iliyoshika, kumi na mmoja.

Fomu inauliza: Ardhi imerejea? Ndiyo. Hapana.
Marehemu mama, mzaliwa wa Wete, angecheka:
maji yamemwagika, nyinyi mnahesabu matone.

Dilmurad hakuhama nao.
Jana mbuzi wake kasimama kwa miguu miwili
anautafuna mkunazi wa sita.
Nikatoa kitabu cha faini.
Jiwe lilikuwa la moto;
nikakikalia.